Bima Mbili, Bili Moja: Mwongozo wa Malipo ya Matibabu nchini Marekani

Mtu mwenye bima mbili za afya nchini Marekani hana fedha maradufu za matibabu. Alicho nacho ni kampuni mbili ambazo kila moja ina haki ya kuuliza, kabla ya kutoa hata senti, kama nyingine imekwisha kulipa. Hali hiyo si ya watu wachache. Mume na mke walioajiriwa hujikuta kila mmoja amemwandikisha mwenzake na watoto katika bima ya kazini kwake. Kijana wa miaka 24 hupewa bima na mwajiri wake ilhali bado yumo katika ile ya wazazi, kwa kuwa sheria ya afya ya mwaka 2010 humruhusu kubaki humo hadi atimize miaka 26. Mzee wa miaka 65 hupata Medicare, yaani bima ya serikali kuu kwa wazee na baadhi ya watu wenye ulemavu, huku akiendelea kufanya kazi. Na mtoto wa familia ya kipato kidogo hubaki na Medicaid, bima inayogharimiwa na serikali kuu pamoja na jimbo, hata baada ya mzazi wake kupata ajira yenye bima.

Hasara inayozipata familia hizo mara nyingi hutokana na mpangilio wa bima zao kuliko uchache wake. Bili iliyotumwa kwanza kwa bima isiyostahili kutangulia hukataliwa, hurudi, husogea kuelekea ukomo wa muda wa kudai, na hatimaye humfikia mgonjwa ikiwa na jina lake peke yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na swali la bima ipi hutangulia, na msomaji anashauriwa asiiruke sehemu hiyo kwa haraka ya kufikia hatua zilizoorodheshwa baadaye.

Kwa nini lazima moja itangulie

Utaratibu unaozipanga bima mbili huitwa uratibu wa mafao, na katika barua za kampuni hutajwa kwa herufi COB. Lengo lake ni kuhakikisha kwamba malipo ya bima zote, yakijumlishwa, hayazidi gharama ya tiba, kwa maana bima ni fidia ya gharama na haikuwekwa ili mtu apate faida kwa kuugua. Bima ya kwanza hulipa kana kwamba hakuna nyingine; bima ya pili hutazama kilichobaki, kisha huamua, kwa masharti yake yenyewe, ilipe sehemu gani ya hicho kilichobaki.

Mgonjwa hachagui ipi iwe ya kwanza. Majimbo mengi hufuata kanuni za mfano zilizotungwa na NAIC, jumuiya ya kitaifa ya wasimamizi wa bima wa majimbo, na ingawa bima ambazo waajiri wakubwa huzigharimia wenyewe ziko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na kwa hiyo hazifungwi na kanuni za jimbo, nyingi kati yake huandika masharti yanayofanana na hayo. Kosa moja la kawaida ni la kuonyesha mapokezini kadi ya bima inayodhaniwa kuwa nzuri na kuiacha nyingine mkobani. Kampuni za bima hutafuta na kulinganisha taarifa za wanachama wao, na pale inapogundulika baada ya miezi kadhaa kwamba iliyolipa haikupaswa kutangulia, hudai kurudishiwa fedha zake na hospitali. Hospitali huzirudisha, kisha bili humgeukia mgonjwa wakati ambapo muda wa kuidai bima iliyostahili huenda umekwisha.

KISANDUKU CHA KWANZA: MANENO YA KUELEWA KABLA YA KUENDELEA

- Dai: maombi ya malipo ambayo hospitali au daktari huyatuma kwa kampuni ya bima baada ya kumhudumia mgonjwa.
- Bei iliyokubaliwa: kiwango ambacho bima na mtoa huduma aliye katika mtandao wake, yaani kundi la wenye mkataba nayo, wamepatana; kinachozidi hapo hufutwa na hakidaiwi kwa mgonjwa.
- Kiasi cha kuanzia: fedha ambazo mgonjwa hulipa kila mwaka kabla bima haijaanza kulipia huduma nyingi.
- Sehemu ya asilimia: mgawo wa bei iliyokubaliwa unaobaki kwa mgonjwa baada ya kiasi cha kuanzia kumalizika, kwa mfano asilimia 20.
- Ada ya ziara: kiasi maalumu kinacholipwa kila mgonjwa anapomwona daktari au kununua dawa.
- Taarifa ya malipo: karatasi ya kampuni ya bima, inayotambulika kwa herufi EOB, inayoeleza kiasi kilichodaiwa, kilichokubaliwa, kilicholipwa na kilichobaki kwa mgonjwa. Karatasi hiyo si bili, na haipaswi kulipwa.

Bima ipi hutangulia

Kanuni ya msingi ni kwamba bima inayomhudumia mtu kwa sababu yeye mwenyewe ndiye mfanyakazi hutangulia ile inayomhudumia kama mtegemezi wa mwingine. Mke anayefanya kazi hospitalini na aliyeandikishwa pia katika bima ya mumewe anayefanya kazi kiwandani atatumia kwanza bima ya hospitali, na mumewe, akiwa naye yumo katika zote mbili, atatumia kwanza ile ya kiwanda. Kwa kanuni hiyohiyo, kijana wa miaka 24 mwenye bima ya kazini kwake huitanguliza hiyo kabla ya ile ya wazazi, hata kama ya wazazi ni bora zaidi.

Kwa watoto wa wazazi wanaoishi pamoja, wote wawili wakiwa na bima, hutumika kanuni ya siku ya kuzaliwa: hutangulia bima ya mzazi ambaye mwezi na siku yake ya kuzaliwa huja mapema katika mwaka, pasipo kuangalia mwaka aliozaliwa. Mama aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1990 atatanguliza bima yake kwa watoto mbele ya baba aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1984, ingawa baba ndiye mkubwa. Kanuni hiyo haina hekima yoyote ya tiba ndani yake. Iliwekwa kwa sababu ni rahisi kuithibitisha na haimpendelei mume wala mke.

Wasemaji wengi wa Kiswahili huikuta kanuni hii na sura yake ya pekee. Watu wengi walioingia Marekani kama wakimbizi, wakiwamo Wakongo waliopitia kambi za Afrika Mashariki, waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu siku halisi haikuwa na hati. Kwa kuwa hakuna tarehe inayoitangulia hiyo katika mwaka, bima ya mzazi aliyeandikiwa hivyo hutangulia daima, na pale wazazi wote wawili walipoandikiwa 1 Januari, hutangulia bima ambayo imemhudumia mzazi wake kwa muda mrefu zaidi. Tarehe inayohesabiwa ni ile iliyo katika rekodi za bima na haina budi kulingana na hati za uhamiaji. Familia inayompa karani siku ya kuzaliwa inayokumbukwa nyumbani, kwa nia njema kabisa, huzifanya rekodi mbili zipingane na dai likwame.

Mtoto mchanga anahitaji tahadhari ya ziada. Bima ya mama iliyolipia uzazi si lazima iwe ya kwanza kwa mtoto, kwa maana tangu anapozaliwa mtoto ni mgonjwa anayejitegemea katika hesabu, na wazazi wote wawili wakimwandikisha, siku zao za kuzaliwa ndizo huamua. Bima ya kazini humpa mzazi angalau siku 30 za kumwandikisha mtoto, na akiandikishwa ndani ya muda huo hulindwa kuanzia siku aliyozaliwa. Kwa hiyo wazazi waamue kabla ya kujifungua kama mtoto ataingizwa katika bima moja au mbili, hasa pale ambapo bima itakayotangulia ina kiasi kikubwa cha kuanzia.

Wazazi waliotalikiana au wasioishi pamoja huangalia kwanza amri ya mahakama, na mzazi aliyeamriwa kugharimia matibabu ndiye ambaye bima yake hutangulia. Pasipokuwa na amri ya namna hiyo, hutangulia bima ya mzazi anayekaa na mtoto, ikifuatiwa na ya mwenzi wake wa sasa wa ndoa kama yupo, kisha ya mzazi mwingine. Bima ya kazi ya sasa nayo hutangulia ile ya kazi ya zamani, iwe ni ya mstaafu au ya aliyeachishwa kazi na kuendelea kuilipia bima kwa sheria ya COBRA. Mtu mwenye kazi mbili zenye bima mbili, hali isiyo ngeni kwa wanaohudumu katika nyumba za kutunzia wazee, hutanguliza ile ya muda mrefu zaidi.

Majeraha ya kazini hayaingii katika mpangilio huu, kwa kuwa hulipiwa kwanza na fidia ya wafanyakazi inayotokana na mwajiri. Na katika majimbo kadhaa majeraha ya ajali ya gari hulipiwa kwanza na bima ya gari. Hiyo ndiyo sababu kampuni ya bima ya afya humtumia barua mtu aliyevunjika mkono ikimwuliza alivunjikia wapi, na barua hiyo isipojibiwa dai husimama.

Hesabu ya bima ya pili

Wengi hudhani kwamba bima ya pili hufuta chochote kilichoachwa na ya kwanza. Wakati mwingine hufuta, na wakati mwingine hailipi kitu, na tofauti hiyo imeandikwa katika kitabu cha mafao ambacho watu wachache hukifungua.

Chukuliwe kuwa hospitali imeandika bili ya dola 4,000, bei iliyokubaliwa ni dola 2,500, na bima ya kwanza ina kiasi cha kuanzia cha dola 500 na sehemu ya asilimia 20. Dola 1,500 zilizozidi bei iliyokubaliwa hufutwa. Mgonjwa hubeba dola 500, kisha asilimia 20 ya dola 2,000 zilizobaki, yaani dola 400. Bima ya kwanza hulipa dola 1,600 na kuacha dola 900. Bima ya pili, ambayo katika mfano huu kiasi chake cha kuanzia kimekwisha kulipwa, ingelipa asilimia 80 ya dola 2,500 kama ingekuwa peke yake, yaani dola 2,000.

Kwa uratibu wa kawaida, bima hiyo hulipa dola 900 zote, kwa kuwa ziko ndani ya kiwango chake cha dola 2,000, na mgonjwa hadaiwi kitu. Lakini ipo aina nyingine, inayopendwa na waajiri wanaogharimia bima wenyewe, ambayo hairudii malipo: huchukua kile ambacho ingelipa peke yake, ikatoa kilicholipwa na bima ya kwanza, na kulipa tofauti tu. Hapo dola 2,000 zikitolewa dola 1,600 hubaki dola 400, na mgonjwa hudaiwa dola 500. Kama bima hiyo ya pili ingekuwa ya asilimia 60, kiwango chake kingekuwa dola 1,500, pungufu ya zilizokwisha kulipwa, na isingetoa hata dola moja, ingawa imekatwa katika mshahara mwaka mzima.

Kwa hiyo swali la kumwuliza ofisa wa rasilimali watu kazini, au kampuni yenyewe kwa simu, ni moja na liulizwe wazi: je, bima hii inapokuwa ya pili, hulipa hadi bili iishe, au hulipa tofauti tu kati ya mafao yake na yale ya bima ya kwanza? Jibu liombwe kwa maandishi, pamoja na ukurasa wa kitabu cha mafao linakopatikana.

Hatua za kufuata, kuanzia kuandikishwa hadi kulipa

1. Mwenye bima azijulishe kampuni zote mbili kuhusu uwepo wa nyingine mara tu bima ya pili inapoanza, akitaja jina la kampuni, namba ya uanachama, jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwenye bima, na siku bima ilipoanza. Kampuni nyingi hurudia kuuliza habari hizo kila mwaka kwa fomu au kwenye intaneti, na fomu isiyojibiwa, hata ya mtu ambaye hana bima nyingine, husimamisha madai yote ya familia.

2. Kabla ya miadi, ahakikishe kuwa daktari yumo katika mtandao wa bima ya kwanza, na ikiwezekana katika ule wa pili pia, kwa sababu kuna bima zisizolipia kabisa huduma za nje ya mtandao wao hata zikiwa za pili.

3. Kwa upasuaji, vipimo vikubwa na dawa za gharama, aiombe ofisi ya daktari itafute idhini ya awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya huduma, kutoka kwa kampuni zote mbili. Idhini ya moja haiifungi nyingine.

4. Mapokezini atoe kadi zote mbili na kumweleza karani ipi ni ya kwanza, kisha ahakikishe zimeandikwa kwa mpangilio huo. Akiombwa ada ya ziara papo hapo, anaweza kuomba asilipe hadi bima ya pili idaiwe; baadhi ya ofisi hukubali, na zinazokataa huwa na wajibu wa kurudisha fedha hizo ikibainika baadaye kwamba bima ya pili imezilipa.

5. Asubiri taarifa ya malipo ya bima ya kwanza, kisha aiulize idara ya malipo ya hospitali kama imeipeleka nakala yake pamoja na dai kwa bima ya pili. Ofisi ndogo za madaktari mara nyingine hazifanyi hivyo, na mgonjwa hulazimika kujaza fomu ya dai na kuituma mwenyewe akiambatanisha taarifa hiyo na bili yenye mchanganuo wa kila huduma.

6. Asubiri taarifa ya bima ya pili. Hapo ndipo aweke karatasi tatu mezani, yaani taarifa mbili na bili, na kuhakikisha kwamba kinachodaiwa hakizidi kiasi ambacho taarifa zinakitaja kuwa ni cha mgonjwa.

7. Alipe kwa njia inayoacha ushahidi, na ahifadhi risiti pamoja na taarifa zote mbili.

TAHADHARI: Bili inayofika kabla ya taarifa za bima zote mbili isilipwe, na wala isipuuzwe. Mgonjwa aipigie simu idara ya malipo, aeleze kwamba bima ya pili haijajibu, aombe akaunti isimamishwe isiende kwa wakusanya madeni, na aandike tarehe, jina la aliyezungumza naye na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo.

Simu hizo zina maneno magumu hata kwa mzaliwa wa Ohio, na msomaji hana sababu ya kuzipiga kwa Kiingereza cha kubahatisha. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kisheria wa kutoa mkalimani bila malipo, na wajibu huo huzihusu pia kampuni nyingi za bima. Inatosha kutaja mwanzoni mwa simu kwamba lugha inayohitajika ni Kiswahili. Desturi ya kumtumia mtoto wa shule kuwa mkalimani wa bili za wazazi inafaa kuachwa, kwa kuwa mtoto hulazimika kubeba siri za ugonjwa na hofu ya deni, na kosa lake moja la tafsiri linaweza kuharibu dai zima.

Medicare na mtego wa mwajiri mdogo

Medicare ilianzishwa mwaka 1965, na kwa miaka mingi ilitangulia karibu bima zote, hadi mabadiliko yaliyoanza mwaka 1980 yalipoisogeza nyuma. Leo mtu mwenye miaka 65 au zaidi anayefanya kazi, au ambaye mwenzi wake wa ndoa anafanya kazi, hutanguliza bima ya kazini ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi. Wakiwa chini ya 20, Medicare hutangulia. Kwa aliye chini ya miaka 65 na mwenye Medicare kwa sababu ya ulemavu, kizingiti ni wafanyakazi 100. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa, bima ya kazini hutangulia kwa miezi 30 bila kujali ukubwa wa mwajiri, kisha Medicare huchukua nafasi ya kwanza.

Mtego uko kwa mwajiri mdogo. Mzee anayefanya kazi katika duka lenye wafanyakazi 9 hujiona ana bima ya kutosha, akaacha kujiandikisha katika Sehemu B ya Medicare, ambayo hulipia madaktari na huduma za nje ya kulazwa, ili aokoe malipo yake ya kila mwezi. Kwa kuwa Medicare ndiyo iliyopaswa kutangulia, bima ya dukani ina haki ya kuhesabu kana kwamba Medicare imelipa, ikatoa sehemu yake ndogo tu, na kilichobaki, ambacho ndicho kingi, kikawa deni la mzee. Mtego wa pili ni wa COBRA: bima hiyo haihesabiwi kuwa bima ya kazi ya sasa, hivyo Medicare huitangulia, na muda maalumu wa miezi 8 wa kujiandikisha Sehemu B baada ya kazi kwisha huendelea kuhesabika wakati mtu amejituliza ndani ya COBRA. Anayechelewa huongezewa asilimia 10 ya mchango wa Sehemu B kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, na nyongeza hiyo humfuata kwa muda wote atakaokuwa na Sehemu B.

Medicaid hulipa mwisho

Kanuni ya Medicaid ni fupi: bima nyingine yoyote ikiwapo, Medicaid huwa nyuma yake. Ugumu wake ni wa kuitambua, kwa sababu majimbo huipa majina yao wenyewe, kama Medi-Cal kule California, MassHealth kule Massachusetts na TennCare kule Tennessee, na kadi yake mara nyingi huwa na nembo ya kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kuisimamia, kiasi kwamba familia huweza kusema kwa moyo safi kwamba haina Medicaid ilhali inayo.

Mwenye Medicaid anayepata bima ya kazini ana wajibu wa kuiarifu ofisi ya jimbo, na kunyamaza kunaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu. Kuarifu hakumaanishi kupoteza Medicaid, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kipato na ukubwa wa familia, na yako majimbo ambayo hulipia hata makato ya bima ya kazini pale yanapoona kwamba kufanya hivyo ni nafuu kwao. Jambo la kuchunguza zaidi ni daktari: akiwa anapokea bima ya kwanza lakini hapokei Medicaid, Medicaid haitalipa kilichobaki, na mgonjwa anaweza kudaiwa; akiwa anapokea zote mbili, haruhusiwi kumdai mgonjwa salio la huduma inayolipiwa na Medicaid, zaidi ya ada ndogo ambazo jimbo limeziruhusu.

TAHADHARI: Mtu anayestahili Medicaid hastahili ruzuku ya kodi inayopunguza bei ya bima zinazouzwa katika soko la bima la serikali. Anayebaki na vyote viwili anaweza kutakiwa kurudisha ruzuku wakati wa kujaza kodi.

Dai linapokataliwa

Sababu ya kukataa huandikwa katika taarifa ya malipo, aghalabu kwa namba na maelezo ya chini yenye maandishi madogo. Ikisema kwamba taarifa za bima nyingine zinahitajika, kinachotakiwa ni simu moja ya kuthibitisha mpangilio, na kuiomba kampuni ilipitie dai upya; rufaa haihitajiki. Ikisema kwamba bima nyingine ndiyo ya kwanza na sivyo, mgonjwa aombe simu ya pamoja inayoziweka kampuni zote mbili kwenye mstari mmoja, kwa sababu kila moja ikiachwa peke yake itamrudisha kwa mwenzake. Ikisema kwamba muda wa kudai umepita, aangalie ni nani aliyechelewa: Medicare hutoa mwaka mmoja wa kalenda tangu siku ya huduma, kampuni binafsi hutofautiana, na mikataba ya mtandao kwa kawaida humkataza daktari aliyechelewa kumhamishia mgonjwa hasara yake.

Pale kampuni inapokataa huduma yenyewe, mwenye bima ya kazini ana siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni, na akishindwa huko, kwa masuala ya uamuzi wa kitabibu, ana miezi minne ya kuomba uchunguzi wa nje unaofanywa na watu wasio waajiriwa wa kampuni hiyo. Rufaa ipelekwe kwa maandishi, ikiambatana na barua ya daktari na taarifa ya bima nyingine.

Salio likibaki hata baada ya bima zote mbili, hospitali zisizo za faida zina wajibu wa kuwa na mpango wa msaada wa fedha, na kuwa na bima si lazima kumfunge mtu nje ya mpango huo. Mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini kuomba msaada huo, na hospitali hairuhusiwi kuchukua hatua kali za kudai, kama kumshtaki mahakamani, kabla ya siku 120 kupita.

Kama bima ya pili inastahili gharama yake

Methali ya mshika mbili haikutungiwa bima, lakini kuna familia inazozihusu. Makato ya dola 250 kwa mwezi ni dola 3,000 kwa mwaka, na familia yenye afya ambayo bima yake ya kwanza huiachia dola 1,200 kwa mwaka inalipa ghali ili kuokoa kidogo, hasa kama bima ya pili ni ya kulipa tofauti tu. Hesabu hugeuka pale panapokuwa na ugonjwa wa kudumu, ujauzito au upasuaji unaotarajiwa, au pale bima ya pili inapotolewa na mwajiri bila makato. Waajiri wengine hutoza nyongeza kwa mwenzi ambaye angeweza kupata bima kazini kwake, na nyongeza hiyo iingizwe katika hesabu.

Aliye na akaunti ya akiba ya afya, ijulikanayo kwa herufi HSA, afikirie zaidi. Sheria ya kodi humruhusu kuichangia akaunti hiyo iwapo tu bima yake ni ya kiasi kikubwa cha kuanzia na hana bima nyingine ya kawaida. Kuandikishwa katika bima ya kawaida ya mwenzi, au kuingia Medicare, huondoa haki ya kuchangia, ingawa fedha zilizokwisha kuwekwa hubaki zake.

KISANDUKU CHA PILI: JALADA LA NYUMBANI

- Nakala za kadi zote, mbele na nyuma, zikiwa na alama ya kwanza na ya pili kwa kila mwanafamilia.
- Ukurasa wa uratibu wa mafao kutoka vitabu vya bima zote mbili.
- Amri ya mahakama, kwa waliotalikiana.
- Taarifa za malipo, zikipangwa kwa tarehe ya huduma na si kwa tarehe zilipofika.
- Daftari la simu: siku, jina, namba ya kumbukumbu, ahadi iliyotolewa.
- Barua ya kuthibitisha mwisho wa bima yoyote iliyokoma.

Karatasi hiyo ya mwisho hupotezwa kwa urahisi. Mtu akiacha kazi, bima yake ya zamani huendelea kuonekana katika kompyuta za kampuni nyingine kama bima ya kwanza, na madai mapya hukataliwa kwa sababu ya bima isiyokuwapo tena. Barua yenye tarehe ya kukoma, ikitumwa kwa kampuni iliyobaki na kuonyeshwa kwa ofisi ya daktari, hulimaliza jambo hilo. Duka la dawa nalo liarifiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hupitishwa kwenye bima papo hapo dirishani, na mpangilio uliokosewa hujitokeza hapo kabla ya mahali pengine popote: mfamasia hutaja bei kamili, na foleni nyuma ya mgonjwa haimpi nafasi ya kupiga simu.